Kinasa Sauti Ambacho Sikukizima

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu pale Galway, nikisoma lugha ya Kiayalandi na simulizi za kale za watu wetu. Nasema watu wetu, ingawa nyumbani Athlone hakuna aliyeongea lugha hiyo zaidi ya sala mbili tatu na maneno ya kumwambia mtoto afunge mlango. Mimi niliisomea shuleni kama watu wanavyosoma hesabu, na nikaipenda. Nilipofika chuoni nikakuta nusu ya darasa ni vijana wa pwani ya Konemara waliozaliwa nayo, wanaitumia kutukanana na kukopeshana sigara, na kila nilipofungua mdomo walikuwa wapole ghafla, kama mtu anayemsubiri mgonjwa apande ngazi.

Mmoja wao aliitwa Ruairí. Hakuwa mtu mbaya. Wiki ya kwanza tu aliniambia mbele ya wenzake, "Muireann, Kiayalandi chako kizuri sana, bwana. Kimevaa tai."

Walicheka na mimi nikacheka. Lakini lilinikaa, na nadhani lile jambo nililokuja kulifanya lilianzia hapo, kwenye kutaka siku moja nilete darasani kitu ambacho wao, pamoja na ulimi wao wote, hawakuwa nacho.

Mwalimu wetu wa simulizi alikuwa Dakta Lasairíona Breathnach, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetumia ujana wake wote kuingia nyumba za wazee na kurekodi walichokumbuka. Alitufundisha namna ya kukaa jikoni kwa mtu, kukubali chai ya tatu, na kutoogopa kimya. Muhula ule kila mmoja wetu alipaswa kutafuta mzee na kukusanya anachojua kuhusu jambo moja. Wengine walichagua visima vitakatifu, wengine dawa za mitishamba. Mimi nilichagua viwanja vidogo vya pwani ambako zamani walizikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, kwa kuwa Kanisa halikuwaruhusu kulala makaburini pamoja na wengine. Nilivichagua kwa sababu hakuna mwenzangu darasani aliyevigusa.

"Hilo zito," Dakta aliniambia. "Wengi wa waliozika huko bado wako hai. Ukiambiwa basi, ni basi."

"Naelewa, Dakta," nikasema.

Mama mmoja wa posta alinielekeza kwa Neans wa Marcas, kama alivyoitwa na wote kwa jina la baba yake, ingawa baba mwenyewe alikuwa amekufa miaka hamsini nyuma. Neans alikuwa na miaka themanini na mmoja. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho kabla ya ufuo, kijijini Rosdubhán, saa moja na nusu kwa basi kutoka mjini. Binti yake Gráinne alijenga hatua mia mbili kutoka pale, na kila asubuhi alikuja kumwashia jiko na kugombana naye kuhusu dawa za presha.

Siku ya kwanza Neans alinisikiliza nikijieleza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya aproni, kisha akasema, "We binti, nani kakufundisha kuongea hivyo? Unaongea kama padri anayesoma matangazo."

"Ni shule, Bibi."

"Basi kaa. Tutakulegeza."

Nilimpa fomu ya chuo atie sahihi kwamba anakubali kurekodiwa. Akauliza ni ya nini. Nikasema, "Ni utaratibu tu." Akaandika jina lake polepole, kwa herufi za zamani zenye nukta juu, na hakuisoma.

Nilikwenda mara nne. Alinipa mkate wa magadi wenye zabibu na chai iliyokolea mpaka ilikwangua koo. Alinisimulia kuhusu kiwanja kile kidogo kilichokuwa nyuma ya ukuta wake, karibu na maji. Kwamba mtu akikanyaga pale bila kujua, miguu inampotea na anazunguka mpaka kuche. Kwamba watu wazima hawakuwaonyesha watoto kwa kidole. Kwamba mawe yaliyosimamishwa hayakuwa na jina. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyewahi kusimulia, na mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimesoma, kwamba mambo hayohayo yamekwisha kurekodiwa mara mia kutoka kwa wazee wengine. Nilirudi mjini na maneno mazuri ambayo hayakuwa mapya.

Mara ya tano ilikuwa mwezi wa Februari, siku ya mvua iliyolazwa na upepo. Nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa maswali, kama yeye mwenyewe alikuwa anakwenda pale.

Akatazama dirisha. Halafu akaelekeza kidevu kwenye kinasa sauti kilichokuwa mezani kati ya vikombe. "Zima hicho."

Nikanyoosha mkono. Kidole changu kilifika kwenye kitufe, na nilikihisi, kitufe cha mpira, kidogo. Sikubonyeza. Nilikigeuza kile chombo kifudifudi ili taa nyekundu itazame kitambaa cha meza, nikarudisha mkono mapajani.

"Tayari, Bibi," nikasema.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilibabaika. Sikubabaika. Nilifikiri upesi na kwa utulivu kuliko nilivyowahi kufikiri kwenye mtihani wowote.

Neans akaniambia kwamba mwaka 1958, akiwa na mwaka mmoja wa ndoa, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mkunga alimfunga kwa taulo na kumtoa chumbani kabla Neans hajamwona uso. Mumewe, Beartla, alitafuta sanduku la sabuni dukani, akaliwekea nyasi kavu, na kabla hakujapambazuka akatoka nalo peke yake. Aliporudi magoti yake yalikuwa na matope na hakusema kitu. Hakusema siku ile wala miaka thelathini na mitano iliyofuata. Neans hakuuliza. Lakini kila mwaka wiki ileile alimwona mumewe akisimama ukutani akitazama jiwe moja, jeupe, la tatu kutoka kwenye mwamba, na hivyo ndivyo alivyojua.

"Nilimwita Colm," alisema. "Moyoni. Hakuna anayejua hilo jina. Gráinne hajui. Hata Beartla sikumwambia."

Kisha akalia. Alilia kwa namna ya watu waliojizoesha kulia bila kusikika chumba cha pili. Nilimshika mkono, na ninaapa kwamba machozi yangu mwenyewe yalikuwa ya kweli. Na huku nikilia nilikuwa nikihesabu kichwani betri imebakiza dakika ngapi.

Nilipoiandika ile rekodi niliiandika kama tulivyofundishwa, neno kwa neno. Pale alipolia niliandika kwenye mabano: kimya, sekunde kumi na moja. Nilirudia kusikiliza mara tatu ili nisikosee idadi.

Dakta Lasairíona aliniita ofisini. Karatasi zangu zilikuwa mbele yake, na macho yake yalikuwa mekundu. "Katika miaka yangu yote," alisema, "nimepata watu wawili tu walioongea hivi. Alikuruhusu?"

"Ametia sahihi fomu," nikajibu. Jibu lilikuwa la kweli, na nililichagua kwa sababu hiyo.

"Na hii sehemu ya mwisho? Anajua iko humu?"

"Anajua, Dakta."

Hiyo haikuwa kweli hata kidogo, na ilitoka laini.

Alipendekeza kazi yangu ichapishwe kwenye jarida la idara, bila kutaja jina la msimulizi. Na akaomba niwachezee wenzangu kipande kidogo darasani, wasikie. Nilikichagua mwenyewe. Nilichagua dakika nne, kuanzia kwa mkunga na taulo mpaka kwenye jiwe.

Darasa lilinyamaza tangu neno la tatu. Sitaficha: nilitazama nyuso zao, wale wa pwani, nikaona wamesahau kabisa kwamba mimi ni wa Athlone. Msichana mmoja alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Ruairí ndiye aliyeongea kwanza.

"Huyo ni Neans wa Marcas."

Dakta akasema haraka, "Majina hatuyataji, Ruairí."

"Dakta, yule ni jirani yetu. Kwetu ni ng'ambo ya ghuba. Ananipa peremende tangu sijui kutembea." Akanigeukia. "Mimi sikujua. Mama hajui. Wewe amekuambia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kwa heshima ya kweli. "Basi amekupenda sana."

Niliitaka ile heshima miaka mitatu nzima. Ilipokuja niliona aibu kiasi kwamba nilijifanya natafuta kalamu chini ya kiti.

Ruairí hakuwa na nia mbaya alipompigia mama yake simu jioni ile. Alidhani ni jambo ambalo Neans ameamua hatimaye kulisema, kwa hiyo linasemeka. Na mama yake hakuwa na nia mbaya Jumapili, baada ya misa, mbele ya mlango wa kanisa, alipomshika Neans mikono yote miwili na kumwambia, "Pole, Neans. Pole kwa kijana wako. Nimemwashia mshumaa." Gráinne alikuwa amesimama palepale, ameshika funguo za gari.

Niliambiwa yote haya na Gráinne mwenyewe kwenye simu, Jumatatu. Hakupaza sauti.

"Mama anasema alikuambia uzime. Anasema labda alisahau kukuambia. Tangu jana anajilaumu, anasema uzee umemwingia kichwani. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Alikuambia?"

Nikasema nitakuja.

"Sijauliza kama utakuja. Nimekuuliza, alikuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Simu ilikatika.

Kwenye basi kesho yake nilikuwa na uongo mzuri kabisa. Nilikuwa nimeuandika usiku uliopita, kwa lugha safi: kwamba nilibonyeza kitufe lakini chombo ni kibovu, kwamba niligundua baadaye, kwamba nilidhani asingejali. Tayari nilikuwa nimemwambia Gráinne ukweli, na bado nilikuwa nafikiria kwamba mbele ya mzee nitaulainisha. Nilirudia maneno mpaka kituo cha mwisho, huku midomo ikichezacheza, na mwanamke aliyekaa mbele yangu alidhani nasali.

Gráinne alinifungulia mlango na hakunipisha, ikabidi nipite kwa ubavu. Neans alikuwa kwenye kiti chake. Hakukuwa na kikombe cha pili mezani.

"Kaa," alisema.

Nikakaa.

"Nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia nizime, Bibi."

"Nilisema kwa sauti? Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ulisema tayari."

"Nilisema tayari."

"Ulizima?"

Hapo uongo wangu ulikuwa umekaa mdomoni, umekomaa. Lakini yule mzee alikuwa amekaa mbele, ameinamisha kichwa, ananisubiri nimwambie kama akili yake bado nzima, na kwamba hakusahau. Hicho ndicho alichokuwa anaogopa. Kama ningesema chombo kibovu, angebaki na shaka hiyo mpaka kufa.

"Sikuzima," nikasema. "Nilikigeuza usione taa. Nilifanya makusudi."

Neans akaegemea kiti. Akamwambia Gráinne, bila kunitazama, "Umesikia? Nilimwambia."

"Nimesikia, Mama."

"Sijachanganyikiwa."

"Hapana, Mama."

Kisha akanigeukia. "Kwa nini?"

Nilitaka kusema ni kwa ajili ya lugha, au ni kwa ajili ya watoto wale wasisahaulike. Mambo hayo yote yalikuwemo kwenye utangulizi wa kazi yangu. "Nilitaka wanione mjuzi," nikasema. "Wenzangu darasani."

Gráinne alitoa kicheko kifupi, kikavu. "Kwa ndugu yangu," akasema. "Umetafuta alama kwa ndugu yangu."

"Mwache," Neans akasema. Halafu akaniomba kitu ambacho sikukitegemea. "Umekuja nacho hicho chombo? Nataka kusikia."

Nikakiweka mezani. Tukasikiliza wote watatu, dakika kumi na tisa, na mvua ya siku ile ndani ya rekodi, na sauti ya vijiko. Niliposikia mwenyewe nikisema "Tayari, Bibi," kwa upole ule, nilitamani niombe ruhusa nitoke nje. Sikuomba. Gráinne alikuwa amesimama mgongo ukutani, na ilipofika kwenye jina alifunga macho. Rekodi ilipokwisha, Neans alinyoosha kitambaa cha meza.

"Sikujua ninaongea kama mama yangu," alisema. Kisha: "Ifute."

Nikafuta mbele yake, nikamwonyesha.

"Na kwingine?"

"Ipo chuoni. Mwalimu anayo. Na maandishi."

"Basi nenda kavifute na huko. Na usije tena mpaka nikuite."

Hakuniita.

Nilikwenda ofisini kwa Dakta Lasairíona siku ileile, viatu vimelowa. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba nilimdanganya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza wazee, na hilo lilikuwa baya kuliko kukemewa. Halafu akatoa nakala yake kwenye droo, akaiweka mezani.

"Fomu yako niliiona, nikataka kuamini," alisema. "Ilikuwa kazi nzuri mno. Na mimi nitakwenda kwake, kwa upande wangu. Lakini wewe utasema darasani. Sitakusemea."

Nilisema darasani Alhamisi. Nilisimama kwa Kiayalandi, na katika kuogopa nilikosea kanuni za sarufi ambazo sikuwa nimezikosea tangu sekondari, na hakuna aliyecheka. Ruairí alitoka nje katikati. Baadaye nilimkuta kwenye ngazi, anavuta sigara.

"Mama halali," alisema. "Anadhani yeye ndiye aliyemwaibisha Neans mbele ya kanisa zima."

"Nitampigia nimweleze."

"Usimpigie. Mwandikie. Sitaki asikie sauti yako."

Nikaandika. Sikupata jibu, na sikustahili kulipata. Kazi yangu iliondolewa kwenye jarida, rekodi na maandishi vikafutwa, nikapewa sifuri, nikarudia somo mwaka uliofuata kwa kuandika insha kutoka kwenye vitabu, kuhusu majina ya mashamba. Sikuruhusiwa tena kwenda kukusanya. Mama yangu nyumbani aliuliza kwa nini nimerudia, nikamwambia nilikuwa mgonjwa. Ukweli nilimwambia miaka sita baadaye.

Habari za Rosdubhán nilizisikia kwa vipande. Kwamba Gráinne alikaa wiki tatu bila kusemeshana na mama yake, akimuuliza tu kuhusu dawa. Kwamba siku moja walionekana wawili wakitoka kwenda nyuma ya ukuta, mmoja amemshika mwenzake kiwiko, wakakaa huko muda mrefu. Kwamba padri mpya, kijana, aliombwa, akaja na maji ya baraka, na watu wa nyumba saba walijitokeza bila kualikwa, na kila mmoja akasimama kwenye jiwe tofauti. Kumbe kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Ruairí ndiye aliyenisimulia hilo, mwaka wa mwisho, kwenye foleni ya maktaba. Alisimulia akitazama mbele, kama anayemwambia mtu mwingine.

Neans alikufa baridi ya pili baada ya hapo. Niliona tangazo, nikapanda basi. Nilifikiri nitasimama nyuma tu, lakini kwenye matanga ya kule hakuna nyuma. Mlango uko wazi, foleni inaingia chumbani, unampa mkono kila wa familia, unasimama kidogo kwa marehemu, unapelekwa jikoni kupewa chai. Gráinne alikuwa wa kwanza mlangoni. Aliponiona, mkono wake ulisita hewani.

"Pole sana, Gráinne," nikasema.

Aliushika mkono wangu hatimaye. Hakuuachia upesi. Aliongea chini, watu wa nyuma yangu wasisikie.

"Bila wewe nisingejua kama nilikuwa na kaka. Nimelifikiria hilo sana. Na bado sijakusamehe. Nataka ujue vyote viwili."

"Najua," nikasema.

"Haya, pita umwone."

Nilipita. Walikuwa wamemvisha gauni la bluu na rozari mkononi. Nilitaka kumwambia kitu kwa lugha yake, na nilikuwa nimekiandaa tangu Galway, lakini nilipomtazama niliona hata hicho nilikuwa nimekipanga kipendeze. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaenda jikoni. Mtu nisiyemfahamu alinipa kikombe cha chai, nikakinywa nimesimama karibu na sinki, nikakiosha mwenyewe, nikaondoka na basi la saa kumi.